Dada wa Hassan na Hussein

Mwaka 1964 Tanga ilinuka mkonge, mwanangu. Ukiteremka kwenye treni ya Moshi, kabla hujamwona aliyekuja kukulaki, harufu ilikuwa imeshakulaki: singa zilizoanikwa juani, moshi wa garimoshi, na upepo wa chumvi unaopanda kutoka bandarini. Maghalani marobota yalipangwa mpaka yakagusa dari, yakingoja meli za Ulaya, maana miaka ile nchi yetu ndiyo iliyoongoza duniani kwa mkonge, ikitoa zaidi ya tani laki mbili kwa mwaka. Babu yako alikuwa karani katika ghala mojawapo. Kazi yake ilikuwa kuandika uzito wa marobota, na jioni alirudi nyumbani kwetu Ngamiani singa zimemng'ang'ania kwenye soksi, nasi tukimchomolea mojamoja huku yeye akinywa chai yake ya tangawizi barazani. Alipata shilingi mia mbili na kitu kwa mwezi. Hazikuwa fedha za kuchezea, lakini zilitosha kula, kuvaa, kumtunza mama yake, na kutia mawe mapya ndani ya redio kila yanapokwisha.

Umenitumia majina ya mtoto wa kike unayemtarajia, ukaniuliza lipi kati yake litaendana na ya wanao, Salma na Salim. Nimeyasoma yote na nitayafikia. Lakini nataka kwanza ujue mama yako mwenyewe alivyopata jina lake, kwa sababu nilikuwepo, nilikuwa na umri wa kusikia na kuelewa, na tulioyaona yale kwa macho yetu tumebaki wachache.

Mimi ndiye niliyekuwa kifungua mimba. Nikapewa Ali, jina la baba yake baba, aliyekuwa nahodha wa jahazi baina ya Tanga na Pemba. Hapakuwa na mjadala, kwani mtoto wa kwanza wa kiume ni haki ya upande wa baba. Mwaka 1961, miezi michache kabla bendera ya Mwingereza haijashushwa, wakaja pacha, wote wa kiume. Hapo napo hapakuwa na mjadala. Mwambao mzima unajua kwamba pacha wa kiume ni Hassan na Hussein, wajukuu wa Mtume, ingawa watukufu wale wenyewe hawakuwa pacha, walipishana kama mwaka mmoja. Kilichozungumzwa ni mbuzi. Akika ya mtoto wa kiume ni mbuzi wawili, kwa hiyo pacha wanataka wanne, na mbuzi mwenye mwili siku hizo alifika shilingi thelathini. Baba alikopa, akalipa kidogo kidogo mpaka pacha wakaanza kutembea.

Sasa tazama: Ali, Hassan, Hussein. Bila mtu yeyote kukusudia, nyumba yetu ya miti na udongo, yenye bati lililoanza kushika kutu, ilikuwa imejipangia majina ya nyumba nyingine iliyo tukufu mno. Ali ndiye baba, Hassan na Hussein ndio wanawe. Mtaani waliniita Baba Pacha nikiwa na miaka minane, na wale wadogo zangu walipojua kusema wakanishikia jina hilo hilo. Kwa hiyo mimba ya tatu ilipoonekana, watu wa barazani walianza kuhesabu nani anayefuata katika nyumba ile. Akiwa wa kiume, walisema, ni Muhsin, ndugu yao wa tatu aliyefariki mchanga. Bibi yangu mzaa baba alilikata hilo mapema. Alisema mjukuu wake hatapewa jina la mtoto asiyekaa.

Akaja wa kike. Alizaliwa nyumbani, chumba cha uani, mwisho wa Oktoba, vuli imeshaanza kugonga bati. Nakumbuka harufu za siku zile kuliko maneno: ubani uliowekwa mlangoni tangu alfajiri, mafuta ya nazi ya mkunga, kanga zilizofukizwa udi, na uji wa pilipili manga uliotiwa samli hadi ukaelea mafuta, ambao mama alilazimishwa kunywa bakuli kwa bakuli. Baba aliingia na kofia yake ya kiua, akamwadhinia mtoto sikio la kulia, akamkimia la kushoto, akatoka macho mekundu. Mimi niliitwa nikaonyeshwa. Kichwa kilikuwa kimejaa nywele, na paji la uso lilikuwa lile la bibi, pana na lenye mkunjo mmoja katikati, utadhani amezaliwa akiwa na jambo la kuuliza. Ngumi zake zilikuwa zimefungwa. Bibi akasema, "Haya, Baba Pacha, tazama. Tuna siku saba."

Kabla sijaendelea, uelewe jinsi majina yetu yalivyokuwa yakiishi mle ndani. Magharibi ilipokaribia, mama alisimama mlango wa uani, mkono mmoja umeshika kizingiti, akaita. Hakuita mmoja mmoja. Aliita wote kwa pumzi moja: "Ali! Hassani! Huseni!" Jina langu lilikuwa fupi, linapiga kwanza, ya pacha yakafuata yamevutwa, la mwisho likapanda juu na kubaki hewani mpaka lifike kwenye mwembe tuliokuwa tukicheza chini yake. Kila mtaa ulikuwa na miito yake wakati ule wa jioni. Kwa mshona viatu waliitwa watano, kwa mama muuza vitumbua waliitwa wasichana watatu, na sisi watoto tulijua kila mlango kwa mdundo wake hata kama maneno hayasikiki. Ukisikia mwito wa kwenu umetimia, na jina lako limo, unajua una mahali pa kula. Ndiyo maana wanawake wa nyumba yetu, walipokuwa wakilitafuta jina la mtoto, walilijaribu mlangoni kwanza. Mkunga alisimama kizingitini akaita majina matatu yetu na la nne akaliongeza, kisha akasikiliza. Walifanya hivyo kwa dhati kabisa, kama fundi anavyogonga mtungi kabla hajaununua.

Mwenye haki ya kwanza alikuwa bibi. Jina lake ni Fatuma, na mama yako alikuwa mtoto wa kike wa kwanza kwa mwanawe wa pekee. Mtu mzima anangoja miaka mingi apate somo wake ndani ya ukoo. Ni furaha ambayo haisemwi kwa sauti lakini kila mtu anaijua. Barazani wazee wakagawanyika. Mmoja akasema hakuna kilicho kizuri zaidi: Ali, Fatuma, Hassan, Hussein, nyumba imetimia. Mwingine akasema hapana, Bibi Fatuma ni mama yao Hassan na Hussein, na ni mkewe Ali, sasa kaka na dada wa tumbo moja utawaitaje kwa majina ya mume na mke? Wa kwanza akajibu kwamba sheria haikatazi, na kweli haikatazi. Mwambao umejaa akina Ali wenye dada zao akina Fatuma. Mabishano yakaendelea mpaka muuza kahawa akagongagonga vikombe vyake mara ya tatu, watu wakatoa senti tano za tundu, wakanywa, wakaanza upya.

Lakini jambo lililoamua halikutoka barazani. Lilitoka jikoni, na wewe unapaswa kulijua kuliko mtu mwingine yeyote. Mama yangu alikuwa Mpemba, ameolewa Tanga, na tangu siku alipoingia nyumba ile hakuwahi kulitamka jina la mama mkwe wake. Wala si kwamba aliogopa. Ilikuwa heshima aliyofunzwa kwao, na wanawake wengi wa rika lake walikuwa nayo. Jirani yetu wa pili aliitwa Fatuma vilevile. Mama alimwita "somo wake mama". Hata msomaji wa Maulidi alipofika palipotajwa binti wa Mtume, mama alisema "Bibi yetu". Basi siku ya tatu mkunga alisimama mlangoni, akajaribu: "Ali! Hassani! Huseni! Fatuma!" Ikasikika vizuri. Kisha akamgeukia mama kitandani akamwambia, haya na wewe ita, wewe ndiye utakayeita kila siku. Mama akainua kichwa, akaita, "Ali! Hassani! Huseni!" akanyamaza. Akajaribu tena, akanyamaza pale pale. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Mama."

Bibi alikuwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi akikuna nazi. Aliacha kukuna. Uso wake nauona mpaka leo, mweusi, mkavu, hereni za fedha zimeyavuta masikio, chicha imeganda kwenye vidole. Alimtazama mkwewe muda mrefu, akasema, "Mwanangu, huyo utamkemeaje? Atavunja vyungu vyote vya nyumba hii na wewe utasimama unamwita mama." Akarudi kwenye nazi yake. Alipomaliza, akaongeza kwamba anaiachia zamu, ila haiuzi. Anaikopesha tu, na deni la jina halifi.

Zamu ilipoachwa wazi, baba akajitokeza. Alikuwa ameweka moyoni jina lake tangu mwanzo: Kulthum. Alilitetea kwa hoja ya dini, na hoja ilisimama, kwa kuwa Ummu Kulthum alikuwa binti wa Ali na Fatuma, dada wa Hassan na Hussein. Lakini sote tulijua palikuwa na Ummu Kulthum mwingine. Redio ya baba, yenye ngozi ya kahawia iliyotobolewa matundu, ilitundikwa msumarini barazani, na Alhamisi ya kwanza ya mwezi aliizungusha mpaka Cairo ije, ikija na kuondoka, ikikoroma katikati. Usiku ule wanaume walikaa kimya kwenye mikeka wakamsikiliza bibi wa Kimisri akiimba wimbo mmoja zaidi ya saa nzima. Mwaka ule ndio alioimba Enta Omri, muziki wa Mohammed Abdel Wahab, na baba, ambaye Kiarabu chake kilikuwa cha msahafu tu, alijua kila mahali ambapo watu wa Cairo wangepiga makofi. Tanga ilipenda muziki, mwanangu. Ilikuwa ni miaka miwili tu tangu Shaaban Robert afariki, naye alikuwa ameandika kitabu kizima juu ya maisha ya Siti binti Saad. Kumpa binti jina linaloimba haikuwa aibu kwetu. Lakini mlangoni jina lile lilipata taabu. Pacha walikuwa na miaka mitatu, wakasema "Kulusumu", na mkunga alipoliita kwa pumzi moja na mengine, lilikwama kooni baada ya Huseni kupanda, likaanguka miguuni pake badala ya kwenda kwenye mwembe.

Nyumba ya pembeni alikaa fundi wa reli, Msukuma, aliyehamishiwa Tanga kutoka Tabora. Yeye alishangaa kuona watu wazima wanahangaika. Kwao, alisema, mtoto akifuata pacha jina lake anazaliwa nalo: ni Shija, awe wa kiume au wa kike. Pacha wenyewe aliwaita Kulwa na Doto toka siku ya kwanza, na hakuacha. Alikuwa ameendesha treni hadi Kampala akafanya kazi na Waganda, akatueleza kwamba nao wana utaratibu wao, anayefuata pacha ni Kizza na anayemfuata Kizza ni Kamya, na hata aliyewatangulia pacha anabadilishwa jina akaitwa Kigongo. Akanionyesha kidole: "Wewe basi ni Kigongo." Nililala na jina lile usiku kucha nikifurahi. Mpaka leo naona watu wale wa bara walikuwa na busara kubwa katika hili, kwamba mtoto mmoja akiwa wa ajabu, jina linawagusa na waliomtangulia na watakaomfuata, asibaki mtu nje.

Na katibu wa tawi la chama naye hakukosa. Alikuja jioni na shati lake la kijani, akamwambia baba kwamba wakati ni wa mambo mapya, mtoto aitwe Muungano. Kumbuka mwaka wenyewe ulivyokuwa. Januari mapinduzi ng'ambo ya pili ya maji, siku chache baadaye askari wakaasi Dar es Salaam, na Aprili 26 Mwalimu Nyerere na Mzee Karume wakaunganisha nchi. Mama alikuwa na ndugu Pemba ambao hakupata salamu zao kwa miezi. Katibu aliona nyumba ya Mtanga na Mpemba ndiyo hasa inayofaa kuzaa Muungano. Hakuwa na nia mbaya, na watoto wa namna hiyo walikuwepo. Nimewajua akina Uhuru na Jamhuri, na nimemjua mama mmoja mtu mzima aitwaye Tanu. Baba alimkaribisha kahawa, akamshukuru, akasema atafikiri. Nchi yenyewe ilikuwa bado haina jina la kukaa nalo. Tangu Aprili ilikuwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, refu la kumaliza pumzi, na wananchi walikuwa wameombwa kupendekeza lingine. Alhamisi ya Oktoba 29, mtoto yungali hana jina, redio ikatangaza kwamba tangu sasa tunaitwa Tanzania. Wazee wa barazani wakaanza kulitamka, mmoja akivuta mwisho, mwingine akikaza katikati, kila mmoja akilisikiliza mdomoni mwake. Bibi akatoka na kandili, akawauliza kama wamekubaliana juu ya mtoto. Wakasema bado, tumepata la nchi tu.

Zainabu lilikuwa limeshatajwa na watu wengi, tena bila uchungu wowote, kwa sababu ndilo lililo karibu. Hassan na Hussein, dada yao Zainabu: mtoto wa chuo anajua. Mwalimu wetu wa Kurani alilitaja siku ya kwanza na kulipita. Nadhani lilikosa mtetezi kwa kuwa lilionekana linakuja lenyewe tu, mkia wa majina ya kaka zake. Huo ndio uliokuwa mzozo hasa, ingawa hakuna aliyeutamka. Mtoto wa kike atafutiwe jina la kuwapendeza kaka zake, au lake?

Mama ndiye aliyetamka. Kwao Pemba na kwetu Tanga wanawake walikuwa na desturi ya kusomeana tenzi usiku, na mtu wa mwambao wetu huu, Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, yule aliyetunga utenzi wa vita vya Wadachi, alitunga pia utenzi wa Sayyidina Hussein. Mama hakujua kusoma herufi za Kizungu lakini kisa cha Karbala alikijua kutoka huko. Tena mwaka ule Muharram iliangukia Mei, naye ana mimba changa, akawasikia Wahindi wa Kiithnaasheri mjini wakiomboleza, akamwomba mwalimu wa Kurani amweleze yaliyotokea baada ya Hussein kuuawa. Mwalimu akamweleza kwamba wanaume walikwisha, wakabaki wanawake na watoto na kijana mmoja mgonjwa, wakaswagwa mpaka Kufa, kisha Damascus, wakasimamishwa mbele ya Yazidi kwenye baraza lake. Hapo aliyesimama akasema ni Zainabu. Alisema mbele ya mfalme na watu wake wote, kichwa cha kaka yake kikiwa mbele yake.

Usiku wa kuamkia siku ya saba baba aliingia chumbani kuuliza, maana kesho asubuhi mtoto ananyolewa na jina linatajwa. Mimi nilikuwa nimelala kwenye mkeka, au walidhani nimelala. Mama akasema, "Baba Ali, Kulthum ni dada yao, na Zainabu ni dada yao, wote wanafaa. Mimi nampenda aliyesema." Baba akanyamaza. Mama akaongeza maneno ambayo nimeyabeba maisha yangu yote: "Kaka zake hawatakuwepo siku zote. Nataka jina litakalosimama hata nikiliita peke yake." Kisha akaliita, taratibu, mtoto asiamke. Baba akavuta pumzi akasema, "Haya, Mama Ali."

Jumamosi asubuhi nywele zikanyolewa, zikapimwa kwenye mizani ya sonara wa jirani, uzito wake ukatolewa sadaka ya fedha. Mbuzi alikuwa mmoja tu, kwa kuwa ni akika ya mtoto wa kike, beberu wa rangi ya mchanga, shilingi ishirini na nane baada ya baba kubishana naye mwenye mbuzi tangu saa moja. Mifupa haikuvunjwa, ilitenganishwa kwenye viungo kama inavyotakiwa. Pilau ikaliwa. Jioni mama, aliyekuwa bado hajaruhusiwa kuvuka kizingiti, aliita akiwa ndani, na kwa mara ya kwanza mwito wetu ukawa na majina manne, la mwisho likitua polepole baada ya Huseni kupanda. Mtoto alikuwa mapajani kwake, hana pa kuitwa aende. Nilitoka mbio chini ya mwembe hata hivyo.

Walioshindwa hawakuacha majina yao. Baba kila Cairo ilipoita alimbeba mama yako akamwimbia na kumwita Kulthum, mpaka alipokua akawa anaitika kwa majina yote mawili. Fundi wa reli alirudishwa Tabora, na barua zake za Idi zilimsalimia Shija kabla ya kumsalimia mtu mwingine. Katibu wa tawi alimpata Muungano wake mwaka uliofuata, kwake mwenyewe. Mkonge nao ukaanguka bei, nyuzi za viwandani zikauua taratibu, na kufika 1967 mashamba makubwa yakataifishwa. Baba akabaki karani, ila marobota ya kuandika yakapungua mwaka hadi mwaka.

Sikuambii kwamba jina humfanya mtu. Nakueleza nilichokiona. Baba alipofariki mwaka 1991, mimi nilikuwa Dar es Salaam, Hassan yuko Muscat, Hussein yuko baharini kwenye meli za watu. Ndugu mmoja akaibuka akidai nyumba ya Ngamiani ni ya ukoo na sisi hatuna haki nayo. Mama yako akafungua kopo la biskuti ambamo baba alihifadhi stakabadhi za kodi ya kiwanja, akazipanga kwa miaka, akavaa baibui lake, akaenda mahakama ya mwanzo. Nilifika siku ya mwisho, nikakaa benchi la nyuma. Hakupaza sauti. Alitaja mwaka, akaonyesha karatasi. Akataja mwaka mwingine, akaonyesha karatasi. Bibi yako alikuwa ameketi kando yangu, na midomo yake ilikuwa ikicheza bila kutoa neno. Nyumba ile ndiyo mnayoshukia mkija Tanga.

Na deni la jina lililipwa. Bibi yangu alifariki 1978 bila kumwona somo wake. Wewe ulizaliwa 1987, na mama yako hakumuuliza mtu, siku ya saba akakuita Fatuma. Sasa umejua kwa nini bibi yako, mpaka anaingia kaburini, hakuwahi kukuita kwa jina. Ulikuwa ukidhani anakudekeza alipokuwa akikuita Mama. Uliwahi kuvunja mtungi wake wa maji wa Kipemba, ukiwa na miaka mitano hivi, na mimi nilikuwepo; akasimama mlangoni ameshika kiuno, akasema, "Mama, mama, mama," akaenda kuchukua ufagio.

Haya, orodha yako. Salha na Salama siyataki, nakwambia wazi. Ndugu wafanane kama ndugu, lakini ukiita mmoja wasigeuke watatu. Enzi zetu jina liliishia mlangoni na chuoni. Leo linaingia cheti cha kuzaliwa, daftari la shule, matokeo ya mtihani, bima na kitambulisho, na herufi moja ikikosewa kati ya Salma na Salama utapanda ngazi za ofisi za watu mwaka mzima ukiapa kwamba mwanao ni mwanao. Sumaya nalipenda. Linaanza wanapoanzia wenzake, kisha linashika njia yake, na mwenyewe Sumaya ndiye wa kwanza kufa shahidi katika Uislamu, kwa hiyo ana kisa chake asichoazima kwa mtu. Jioni simama mlangoni uliite na mengine, halafu uliite peke yake.

Nimeona pia umeandika Rukia mwishoni, kwa herufi ndogo. Hilo ni jina la mama mkwe wako. Kama ni yeye aliyeomba, mwendee wewe mwenyewe, usimtume mumeo, ukae naye jikoni umsikilize, na umweleze kama mdomo wako utaweza kulitamka kwa kumkemea mtoto au hautaweza. Mama yako naye ana maoni yake, mpigie kabla hajakupigia. Mimi siku ya saba nitakuwa Tanga, Mungu akipenda, na mbuzi ni juu yangu.